Msimu mmoja Ligi Kuu, nikiwa mweka hazina wa timu isiyo na hazina

Timu sitaitaja na mkoa sitautaja, viongozi wenzangu bado wapo mjini na wawili kati yao bado tunadaiana. Ila kila ninachoandika hapa kimepita mkononi mwangu, maana mimi ndo nilikuwa nashika daftari la hela. Mweka hazina. Cheo kikubwa aisee, ukikisikia kwa mbali.

Kilichonisukuma kuandika ni simu ya mwezi uliopita. Jamaa mmoja timu yao iko Championship, daraja moja chini ya Ligi Kuu, na dalili za kupanda zipo, akaniuliza, "Kaka, hivi Ligi Kuu mtu unahitaji kama shilingi ngapi kuanza?" Nilicheka mpaka mama watoto akatoka chumbani kuja kuangalia kuna nini. Maana sisi hilo swali hatukumuuliza mtu yeyote, tulipanda kwanza ndo tukaanza kuhesabu.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati. Timu nilianza kuisaidia ikiwa bado ligi ya mkoa, leo natoa mipira miwili, kesho mafuta ya gari, keshokutwa kipa kavunjika kidole nampeleka hospitali. Hela ndogo ndogo ambazo hata huziandiki. Tukapanda, tukapanda tena, siku tuliyoingia Ligi Kuu mji haukulala, bodaboda zinapiga honi mpaka saa tisa usiku, watu wanalia. Nami nililia, sijifichi.

Wiki mbili baadaye tukafanya harambee ukumbini. Zikatajwa ahadi za milioni 163. Kuna mdau alisimama akaahidi 50, akapigiwa makofi, akanogewa akaongeza 10. Mimi kwa ushamba wangu nikaziandika zote kwenye daftari upande wa mapato. Zilizoingia kweli mpaka ligi inaisha ni milioni 47, na yule wa 60 alileta nane na magunia ya unga wa sembe. Unga tuliula, nashukuru. Lakini mimi nilishasajili wachezaji kwa kutumia ile 163, na hapo ndipo msimu ulipoharibika, kabla hata mpira haujapigwa.

Kitu kingine kilichotupumbaza ni hela za televisheni. Mnakumbuka 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho letu la mpira, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi wa bilioni 225.6. Sasa mtaani kwetu vijana walichukua simu wakagawa kwa kumi, wakagawa kwa timu 16, ikaja bilioni moja na pointi nne, wakaanza kunisalimia kwa heshima mpya. Hesabu haiendi hivyo jamani. Zawadi zimepangwa kwa nafasi, bingwa alikuwa anachukua milioni 500, halafu inapungua kadiri unavyoshuka mpaka unafika kule chini tulikokuwa tunaishi sisi. Mgawo wetu tuliupata na siwezi kuukosea adabu, bila huo tungezima raundi ya kumi. Shida ni kwamba unakuja kwa awamu, wakati mishahara inakuja kila tarehe 30, na tumbo la mchezaji halijui awamu.

Bajeti yetu ya msimu mzima, nikikusanya kila kitu mpaka plasta na barafu, ilikuwa kama milioni 420. Sasa chukua mfano wa Simba, 2022 walisaini udhamini wa jezi na M-Bet, kampuni ya kubashiri, miaka mitano kwa bilioni 26 na ushee, yaani ni kama bilioni tano na kidogo kwa mwaka, kifuani tu hapo, hujagusa mgongo wala bega. Yanga mwaka huohuo wakasaini na SportPesa bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Siku moja niko dukani mvua inanyesha hakuna mteja, nikakaa na kikokotozi nikagundua kifua cha jezi ya Mnyama, yaani Simba, kwa mwaka mmoja kingetulisha sisi misimu 12. Nikafunga kikokotozi nikaenda kunywa chai.

Wazee wa mji wetu hawapendi kusikia hizi habari. Wao watakutajia Tukuyu Stars ilichukua ubingwa 1986, Coastal Union 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, kwa hiyo timu ya mkoani inaweza. Ni kweli ilikuwa inaweza. Lakini hesabu kuanzia pale Mtibwa alipochukua mara ya mwisho, kombe limetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, Azam 2013/14, na Azam nao siyo maskini wenzetu, wana tajiri nyuma yao na uwanja wao Chamazi. Kwa hiyo mzee akiniambia "pambaneni, hata sisi enzi zetu hatukuwa na hela", nilikuwa naitikia tu, shikamoo mzee, nimekusikia.

Basi ligi ikaanza, mechi ya kwanza ugenini Dar, zaidi ya kilomita 900. Basi letu lilikuwa la kukodi. Wenzetu wakubwa wakija mikoani wanapanda ndege, saa moja na nusu wako hotelini wanapigwa masaji. Sisi tuliondoka Alhamisi alfajiri, tukalala njiani, Ijumaa jioni ndo tunaingia Dar vijana miguu imevimba. Mafuta kwenda na kurudi kama milioni mbili na laki moja, basi lenyewe, gesti ya shilingi 35,000 vyumba 15 wanalala wawili wawili, chakula cha watu 30 kwa siku nne, posho. Safari moja ilikula kama milioni saba. Na msimu una safari 15, ingawa nyingine unaziunganisha, ukienda Kanda ya Ziwa unacheza mbili ndo unarudi.

Watu wanadhani pengo la hela unaliona kwenye ile dakika ya 70 straika wao wa kigeni anapokufunga. Mimi nililiona Ijumaa usiku kwenye korido ya gesti, beki wangu wa kati kalala kwenye godoro limebonyea katikati, mita moja na sentimita themanini na nane kajikunja kama kamba, kesho yake anaenda kukaba mtu aliyelala kwenye kitanda cha futi sita kwa sita. Tulifungwa nne. Mitandaoni wakasema hatuna mbinu.

Kama unaongoza timu ndogo na una nafasi ya kubana mahali, usibane kitanda na chakula. Mimi nilibana hapohapo kwa sababu ndo rahisi, hakuna anayekuona, halafu nikaliacha bila kulibana fungu lingine ambalo nalisema hapa kwa aibu, fungu la kamati ya ufundi, yaani mambo ya waganga. Mnaojua mnajua. Kila mechi kubwa walikuwa wanakuja wazee watatu na orodha, mara kondoo mweupe, mara nauli ya mtaalamu anatoka mbali, risiti hakuna na huwezi kuuliza maana ukiuliza wewe ndo unayehujumu timu. Kwa msimu mzima nimejumlisha imefika milioni 11 na laki nne. Na tulishuka.

Sasa mechi ya nyumbani na mmoja wa wale wakubwa wa Kariakoo, Simba na Yanga. Hapa ndipo utamu na sumu ya hii ligi vinakaa sahani moja. Mwenyeji ndiye anayebaki na mapato ya mlangoni, kwa hiyo timu ndogo mwaka mzima unasubiri siku mbili, siku ya Wananchi, yaani Yanga, na siku ya Mnyama. Ilikuwa nyomi hujawahi kuona, watu wamepanda miembe, mageti yamepinda, tiketi 10,000 mzunguko na 20,000 jukwaani. Zikakusanywa milioni 74. Nikapiga picha mabunda ya hela, bado ninayo kwenye simu. Halafu makato yakaanza, kuna VAT asilimia 18, kuna uwanja, kuna migawo ya vyama, tiketi, ulinzi, gari la wagonjwa, mkononi ikabaki 41. Bado hela kubwa kuliko zote nilizowahi kushika za timu, na ililipa mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Mwezi mmoja na nusu tu! Mishahara yetu ilikuwa milioni 28 kwa mwezi.

Na nusu ya uwanja walikuwa wamevaa jezi za wageni. Wanangu mwenyewe wawili walivaa za wageni.

Wiki mbili baadaye tukacheza nyumbani na timu mwenzetu wa chini, wakaingia watu 312. Nimeikumbuka hiyo namba kwa sababu niliihesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Ukitoa posho za askari, wakata tiketi, gari la wagonjwa, tulicheza nyumbani kwetu tukapata hasara ya laki sita. Kwa hiyo mtu akikwambia timu ndogo wajaze uwanja wapate hela, mwambie hao watu wa kujaza walishazaliwa Simba au Yanga, babu zao walichagua miaka ya 1930 wakati mji wetu haujawa hata na barabara.

Kosa kubwa zaidi kwa hela lilikuwa uwanja. Siyo wetu, kama viwanja vingi vya mikoani mwenye mali ni CCM, sisi tunakodi. Kabla ya ligi tuliambiwa eneo la kuchezea halijakaa sawa na vyumba vya kubadilishia nguo vinahitaji marekebisho, fundi akaja akapiga hesabu milioni tisa. Nikasema tutafanya dirisha dogo, kile kipindi cha usajili wa katikati ya msimu. Mimi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi! Saruji ninayo mwenyewe! Raundi ya pili inaanza, uwanja ukafungiwa, na walikuwa na haki, nyasi zilikuwa zimebaki golini na kwenye kona tu. Mechi yetu ya pili kubwa, ile ya kutuokoa, tukaenda kuicheza mkoa mwingine kama wakimbizi, tukalipia kambi, tukalipia usafiri, na mashabiki wetu wachache hawakuweza kufika. Tulibaki na milioni 13. Kwa kukimbia gharama ya milioni tisa nilipoteza karibu 30. Ukisahau mengine yote niliyoandika, hili la uwanja lishike, tengeneza mwezi wa sita kabla hujasajili hata mtu mmoja.

Kufika Desemba tulikuwa tunadaiwa mishahara ya miezi miwili. Hapo ndo nikajifunza kanuni ambayo wachezaji waliijua kabla yangu, kwamba ukishafikisha miezi miwili hujamlipa, kwa kanuni za FIFA mchezaji anakuandikia notisi ya siku 15, zikipita hujalipa anavunja mkataba anaondoka na haki zake zote. Straika wetu alikuwa na magoli saba, kwa timu yetu hayo ni madini. Alikuja dukani jioni, akasimama pembeni mpaka wateja waishe, ni kijana wa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Najua unachotaka kusema."

"Mzee mimi sina tatizo na timu. Ila mwenye nyumba kafunga mlango kwa kufuli lake. Mke wangu yuko nje na mtoto."

Nilimpa laki tatu za mauzo ya siku ile. Siku nne baadaye klabu moja ya Dar ikaleta ofa ya milioni 25. Kocha alinipigia akasema kaka ukimuuza huyu tumeshuka, nikamwambia nisipomuuza ataondoka bure mwezi ujao na tutashuka vilevile. Tukauza. Na kwa haraka tuliyokuwa nayo, mkataba wa mauzo ulikuwa ukurasa mmoja, hatukuweka kipengele cha asilimia akiuzwa tena. Msimu uliofuata alikwenda nje ya nchi. Sisi tulibaki kuangalia picha zake uwanja wa ndege.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni sehemu pekee ambayo timu maskini ina kitu mkononi. Wale kina Simba na Yanga wana mashabiki, wana wadhamini, wana mashindano ya CAF, yale ya klabu za Afrika, ambako hata goli moja Rais Samia aliwahi kulitangazia milioni tano. Wewe una vijana na karatasi zao, basi. Mchezaji akiuzwa kimataifa, kuna asilimia tano ya ada inayogawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Akisaini nje mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, kuna fidia ya malezi. Siku hizi inapita kwenye mfumo wa FIFA unaoangalia usajili wake wa nyuma, alikuwa wapi, kuanzia tarehe ngapi mpaka tarehe ngapi. Kama miaka aliyokaa kwako hukumsajili kwenye mfumo, kwa FIFA hakuwahi kuwa kwako. Sisi yule kijana tulikuwa naye tangu ana miaka 17, misimu miwili ya kwanza alichezea jina tu kwenye karatasi ya mechi, usajili wake ulikuwa kwenye daftari la katibu na daftari lililowa mvua. Kwa hiyo tajiri anakuzidi hela, halafu wewe mwenyewe unatupa kile kidogo ambacho kanuni zimekuwekea. Tafuteni kijana mmoja anayejua kompyuta, mpeni laki mbili kwa mwezi, kazi yake iwe usajili tu.

Tulishuka tukiwa na mechi mbili mkononi. Ya mwisho tulishinda, cha ajabu.

Kuna mtu aliniambia mbona hata Uingereza timu zinapanda na kushuka. Kule jamaa anayeshika mkia anaondoka na zaidi ya paundi milioni 100, na akishuka wanamlipa tena misimu kadhaa asije akaanguka vibaya. Sisi tuliposhuka kilichotufuata Championship ni mikataba. Nilikuwa nimewasainisha wengi miaka miwili, hakuna hata mmoja mwenye kipengele kwamba timu ikishuka mshahara unapungua. Wachezaji 11 walikuwa bado wanatudai mshahara wa Ligi Kuu wakati mlangoni tunakusanya laki nne. Wengine walikubali kukaa chini tukaelewana, nusu sasa nusu baadaye. Hawa nawashukuru mpaka leo.

Ila kulikuwa na winga kutoka nchi jirani, tulimsajili kwa dola kwa sababu tulitaka na sisi tuwe na wa kigeni, yaani ushamba tu, kanuni ilikuwa inaruhusu mpaka 12 kwa timu, sisi tukaona tukikosa hata mmoja tutachekwa. Alicheza mechi tisa. Aliondoka kimyakimya, hakugombana na mtu, tukajua yameisha. Miezi saba baadaye katibu ananipigia ana presha, kuna barua pepe ya Kiingereza imetoka FIFA, imekaa siku 19 hakuna aliyeifungua. Madai ya mishahara, fidia ya muda uliobaki kwenye mkataba, na riba. Uamuzi ulipotoka tukapewa siku 45 kulipa, tusipolipa tunafungiwa kusajili mpaka tulipe, inaweza kwenda madirisha matatu. Wachezaji wenyewe tuliokuwa nao walibaki 13.

Nilikuwa na kiwanja, nilikinunua kwa ajili ya nyumba ya kupangisha uzeeni. Nilikiuza. Mama watoto sikumwambia mpaka siku mnunuzi alipoanza kumwaga mawe pale, akapita na daladala akaona. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba fulani, hiyo timu ina jina lako kwenye hati?" Sikuwa na jibu, kwa sababu haina. Kwenye karatasi ni timu ya wanachama. Deni lilikuwa la timu, ila kila aliyekuwa anadai alikuwa anajua duka langu lilipo. Kwa hiyo wewe mfanyabiashara unayeombwa uisaidie timu ya nyumbani, saidia, usiache, ila kila shilingi unayotoa iandikwe kama mkopo au kama mchango, isainiwe na mwenyekiti na katibu, na weka kiwango ambacho ukifika unasimama hata watu wakulilie. Mimi kiwango changu kilikuwa hakipo, kila wiki nilisema hii ndo ya mwisho.

Kwa yule jamaa wa simu, hesabu nilimpa hivi. Chukua hela ambayo ipo benki leo, siyo iliyoahidiwa, ongeza mgawo wa televisheni ila uchukulie utachelewa miezi miwili, ongeza mechi kubwa moja tu siyo mbili. Hapo toa safari 15 kwanza, toa uwanja, kinachobaki gawa kwa miezi 10, hiyo ndo mishahara yako. Akasema, "Kaka, kwa hesabu hiyo napata wachezaji wa laki nne." Nikamwambia ndiyo, vijana wa laki nne wanaolipwa kila mwezi watakupigania kuliko wa milioni mbili asiyelipwa. Akanyamaza kidogo halafu akasema wadau wake hawatakubali, wao wanataka majina. Nilimwelewa. Mimi pia ningekata simu.

Mchezaji wa mwisho kwenye daftari langu alikuwa kipa wa akiba, milioni moja na laki mbili. Nimekuwa nikimtumia laki laki, mwezi wa nane nikamaliza. Nikamwandikia meseji, "Mdogo wangu nimemaliza, samahani kwa usumbufu." Ikakaa kama dakika kumi, akajibu, "Nimeiona mzee, Mungu akuzidishie. Hivi timu msimu huu inasajili?"